Ushauri: Reli ya chini ya ardhi inakuja mtaani kwetu. Nisaini barua hii, niuze nyumba au nitulie?

Kuta_za_Baba (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Nina nyumba niliyorithi kwa mzee, kuta za matofali, msingi mfupi wa zamani. Wiki iliyopita walikuja vijana wawili wa mradi wa metro wakaacha bahasha. Ndani kuna ramani yenye mstari mwekundu, pamoja na barua ya ukurasa mmoja ninayotakiwa kusaini kwamba "mmiliki anakubali tathmini ya hali ya jengo". Tathmini yenyewe haimo. Nilipouliza nikajibiwa kwa upole kabisa: "Itafuata, mzee."

Dalali naye kashanukia. Anasema niuze sasa hivi kabla vumbi halijaanza. Mke wangu anasema thubutu, kituo kikifunguliwa hatutaweza kununua tena hata choo mtaa huu.

Kingine: ukuta wa sebule una ufa unaoanzia kona ya dirisha, mwembamba kama uzi. Upo tangu nikiwa mtoto. Nawasilisha.

Kibiriti

Uza mkuu, ondoka. Hizi reli hazina tarehe. Ile ya Elizabeth pale London ilikuwa ifunguliwe Desemba 2018, watu wakaja kuipanda Mei 2022. Na hao wana metro tangu 1863! Utakula vumbi mpaka uzeeke.

Bi_Hesabu

Kibiriti, kuchelewa kwa treni na kuuza nyumba vinahusianaje? Mleta mada, jiulize hivi: kama metro ni hasara, huyo dalali anakutafutia mnunuzi wa nini? Mwenye haraka siyo wewe.

Chini_kwa_Chini

Nimefanya kazi kwenye mahandaki miaka kadhaa, kwa hiyo nivumilieni, nitaandika kirefu.

Watu wanaogopa treni kupita chini ya kitanda. Handaki lenyewe kwa kawaida siyo balaa kubwa. Ule mtambo wa kuchimba unakwenda kama mnyoo: mbele unakata udongo, nyuma unapanga pete za zege, na uwazi unaobaki nje ya pete unajazwa saruji ya majimaji. Ukipita chini yako ni suala la siku chache. Utasikia mngurumo, glasi zitagongana kabatini, basi.

Kituo ndiyo habari nyingine. Mara nyingi kinachimbwa kwa kufungua shimo kutoka juu. Kwanza zinamwagwa kuta za zege kwenda chini, kisha udongo wa katikati unatolewa hatua kwa hatua huku kuta zikishikiliwa na nguzo za kulala. Ni kazi ya miaka. Adui mkubwa hapo ni maji. Ukuta ukiwa na mahali pamoja tu palipoungana vibaya, maji yanaingia shimoni yakiwa yamebeba mchanga, na mchanga huo unatoka chini ya msingi wa jirani. Amsterdam mwaka 2008 nyumba za kando ya kituo cha Vijzelgracht zilizama kwa namna hiyo. Köln, Ujerumani, Machi 2009, jengo la hifadhi ya nyaraka za mji lilianguka pembeni ya shimo la metro, na watu wawili wakafariki.

Simtishi mtu, hayo ni matukio machache. Mnara wa Big Ben nao ulikaa karibu na shimo refu la kituo cha Westminster miaka ya 1990. Walikuwa wanaupima muda wote, na ulipoanza kuinama kidogo wakasukuma saruji kwenye udongo chini yake kuudhibiti. Waliweza kwa sababu walijua mnara ulisimamaje *kabla* ya kuchimba.

Sasa swali langu: mstari unapita chini yako, au una alama yoyote ubavuni?

Kuta_za_Baba

Nimeitandika ramani mezani, nikavaa miwani. Mstari haupiti chini yangu. Kituo kipo mtaa wa tatu kutoka hapa. Ila kama mita kumi na tano kutoka ukuta wa jikoni kuna kimraba cha kijivu, hakina jina, namba tu.

Chini_kwa_Chini

Aisee. Nahisi hilo ni shimo la hewa na njia ya dharura. Huchimbwa kutoka juu kama kituo, ila ni dogo. Waulize wakupe jibu la maandishi: ni shimo la nini, lina kina gani, feni zitaelekezwa wapi, na litapigwa kazi usiku?

Kibiriti

Kwa hiyo kapata shimo bila kituo 😂 Poleni.

Bi_Hesabu

Cheka tu. Mkuu, barua usisaini ilivyo. Huwezi kukubali tathmini usiyoiona. Ukisaini, kesho ule ufa wa sebuleni ukipanuka wataandika "ulikuwepo, mmiliki alikubali". Na usipouonyesha, utaonekana unaficha. Mtafute mhandisi wako mwenyewe, asiye wa mradi, apige picha kila chumba zikiwa na tarehe, na rula iwekwe juu ya ufa ionekane. Nakala moja kwako, moja kwao, na wasaini kuipokea. Habari ya kuuza utaijadili ukiwa na karatasi hizo mkononi. Hata bei itakuwa tofauti.

Chini_kwa_Chini

Naunga mkono. Ongeza: bandika kipande cha kioo kukatiza ufa kwa gundi ngumu pande zote mbili. Ukuta ukisogea, kioo kitapasuka. Na waombe waweke vipimo vya kusogea ukutani kwako, wao wenyewe wanavihitaji.

Kuta_za_Baba

Mrejesho wakuu. Barua nimeirudisha nikiwa nimekata neno "anakubali" na kuandika kwa kalamu: "Nimepokea ramani. Tathmini sijaiona." Yule kijana aliisoma mara mbili, akasema atampelekea bosi wake. Dalali nimemwambia asubiri, kakasirika.

Mhandisi kaja leo. Katuomba tusogeze kabati la vyombo, lile halijaguswa tangu enzi za mzee. Nyuma yake kuna ufa mwingine, mnene kuliko wa sebuleni. Mke wangu kashika rula, mimi nimepiga picha.