Nilifunga siku tatu nimuulize Mungu kuhusu gari, nikaletewa habari ya lumbesa. Ni Yeye au ni mawazo yangu?

Viazi_Njombe

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nauliza hapa maana mtaani nikiuliza naonekana nimechanganyikiwa, na nyumbani mke wangu ananiambia tulia kwanza, sasa nimetulia wiki ya tatu hii na moyo haujakaa sawa.

Mimi nanunua viazi mviringo huku Njombe, nazunguka vijijini na vijana wangu wawili, tunajaza tunashona, mzigo unapanda Fuso la kukodi unashuka Dar. Mwaka wa sita sasa. Kanisani niko kwaya, na alfajiri kabla sijatoka nasoma Neno na kuomba kama nusu saa hivi, hilo namshukuru Mungu sijawahi kuliacha.

Mwezi uliopita nikafunga siku tatu. Nilikuwa na jambo moja tu, kuna Canter ilikuwa inauzwa bei nzuri nikataka kujua ninunue au niache, kwa sababu ni kumaliza akiba yote na juu yake mkopo wa vikoba. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili usiku nimepiga magoti naombea gari, ikanijia picha ya babu mmoja tunayenunua kwake kila msimu, amesimama pembeni ya gunia, gunia limeshajaa, kijana wangu anamwambia babu ongeza ndoo mbili za juu, na babu anainama anachota anaongeza, hasemi kitu. Sio ndoto hiyo, ni jambo lililotokea kweli tena mara nyingi, na mimi nilikuwepo nimeegemea pikipiki natuma hela za watu. Tofauti ni kwamba siku ile sikumwangalia usoni, usiku ule nilimwangalia.

Kwa msiojua lumbesa, gunia la mazao kisheria halitakiwi kuzidi kilo 100, sisi tunaongezea kichwa juu tunakishonea na kamba. Langu moja niliwahi kulipima, lilikuwa kilo 138. Mkulima analipwa gunia moja.

Tangu hapo kila nikiomba gari anakuja babu. Sasa naomba mnisaidie. Hii ni sauti ya Mungu au ni dhamiri yangu tu inanisumbua, au ni adui anataka nifilisike? Na kama ni Mungu mbona nilichouliza hajanijibu? Halafu nitaishije nayo sokoni, maana lumbesa haikuanza na mimi, nikiacha peke yangu wenzangu wanaendelea na babu yule yule atawauzia wao.

Askari_wa_Maombi

Mpendwa kuwa makini sana, sio kila kinachokuja kwenye mfungo kimetoka kwa Mungu, adui naye anaijua huruma yako anaweza kuitumia akutoe kwenye baraka yako wakati mlango wa gari umeshafunguka. Mtafute mtumishi mwenye macho ya rohoni akuombee, atakwambia kama ni Mungu au la. Usiamue peke yako.

MamaMapacha

Kaka pole na hongera kwa pamoja. Naomba nipingane kidogo na ndugu hapo juu, simpingi kwa ubaya, ni kwamba mimi njia hiyo nimeipita na najua ilipoishia.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na genge zuri tu, nikaambiwa na mtu niliyemheshimu sana kwamba Mungu amesema nifunge, nihamie mkoa mwingine, huko kuna kuinuliwa kwangu. Sikuuliza kitu. Niliogopa kuuliza kwa sababu nilidhani nikiuliza namjaribu Mungu. Nikauza kila kitu nikaondoka na watoto, na miezi minne baadaye mtaji umekwisha naomba nauli ya kurudi. Aliyeniambia hakunipigia simu hata siku moja. Nililia sana, na kilichoniumiza kuliko hela ni kwamba kwa muda mrefu baada ya hapo nikikaa kuomba nasikia kelele tu, sijui ipi ya nani.

Kilichonirudisha ni kusoma taratibu, sura moja moja. Nikafika 1 Samweli, ile habari ya mtoto Samweli kuitwa usiku, tumeisikia tangu Sunday school, anaitwa anakimbilia kwa Eli, mara tatu, ya nne ndio anasema nena. Wengi tunaishia hapo. Ila rudi nyuma sura moja uone ni habari gani Mungu alikuwa anataka kuisema. Wana wa Eli walikuwa makuhani, mtu akileta sadaka inachemshwa nyama, mtumishi wao anakuja na uma wa meno matatu anachoma chunguni, chochote kinachopanda na uma ni cha kuhani, na wengine wakidai nyama mbichi kabisa na usipotoa inachukuliwa kwa nguvu. Yaani neno la kwanza kabisa Samweli kulisikia maishani mwake lilihusu watu wa nyumba ya Mungu wanaochota zaidi ya haki yao kwa watu wasioweza kusema kitu. Kaka yangu nilivyosoma zile ndoo mbili za babu mwili ulinisisimka, nimekumbuka ule uma.

Kuhusu dhamiri, kwani dhamiri kaiumba nani? Mimi siku hizi najiuliza maswali mepesi tu. Hiki ninachokisikia kinapingana na Neno? Mithali 11 mstari wa kwanza unasema mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, hapo huhitaji nabii wa kukuombea ujue. Na kinanivuta niwe nani kwa watu? Ile sauti iliyonihamisha mkoa ilikuwa inanitukuza mimi, mimi nitainuliwa, mimi nitaonekana. Yako inakuonyesha babu.

Fuso_la_Usiku

Niongee upande wa soko maana mimi napokea mizigo Dar. Watu wanadhani lumbesa ni roho mbaya ya mnunuzi tu, kuna sababu zake. Nauli ya lori inahesabiwa kwa gunia, kushusha kwa gunia, ushuru sehemu nyingi umekuwa ukitozwa kwa gunia, kwa hiyo anayejaza gunia kubwa analipa gharama zile zile akiwa na mzigo zaidi. Ukija na kilo 100 katikati ya watu wenye 138 wanunuzi watapita kwako kama hawakuoni, au watakukata bei mpaka ulie. Sisemi uendelee. Nasema usije ukaingia kwa hisia za mfungo halafu msimu mmoja tu ukafilisika ukaanza kumlaumu Mungu.

Nilichoona kwa jamaa mmoja aliyeweza, alinunua mizani akawa anawalipa wakulima kwa kilo, na huku mjini akatafuta wenye migahawa na wakaanga chipsi wanaonunua kwa kilo, akaachana kabisa na kuuza kwa gunia sokoni. Ilimchukua muda na wateja mwanzo walikuwa wachache.

Mzee_wa_Karagwe

Amani kwenu wanangu. Mimi ni mwinjilisti mstaafu, huku kwetu Kagera. Nimesoma hii mada mara mbili kwa sababu imenirudisha utotoni.

Uamsho wa kiroho, watu kutubu na kuokoka, ulianza kuwaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930, ukaenda Uganda, ukavuka mpaka ukafika kwetu Bukoba na Karagwe. Hilo neno mlokole mnaloitana leo, wengine kwa kuchekana, limetoka huko, kwa Kiganda balokole ni waliookoka. Wazazi wangu wote wawili walikuwa watu wa uamsho. Watu wanakumbuka nyimbo, wanakumbuka Tukutendereza, na kulia kanisani. Mimi ninachokikumbuka ni vitu vilivyokuwa vinarudishwa. Mtu ameguswa Jumapili, Jumatatu unamwona njiani amebeba jembe, au anaswaga mbuzi, anampelekea jirani aliyemwibia miaka kumi nyuma. Mama yangu alirudisha shuka na vikombe viwili vya bati kwenye nyumba aliyowahi kufanya kazi. Alitembea nusu siku. Wenye nyumba walikuwa wameshasahau kabisa.

Walikuwa wanaita kutembea nuruni. Wanakutana katikati ya wiki, kila mmoja anasema wazi wiki hii Bwana amenionyesha nini na nimefanya nini, na wenzake wanamuuliza. Hakuna aliyekuwa anasikia peke yake chumbani, mwanangu, na hapo ndugu wa maombi yuko sahihi nusu, usiamue peke yako. Lakini waliosikiliza pamoja walikuwa majirani wanaokufahamu, wanaoijua mizani yako na mkeo na madeni yako. Mtu wa mbali anayekupa neno halafu haji kuona limeishia wapi, huyo sio wa kumtegemea, kama ilivyompata mama hapo juu.

Umeuliza mbona gari hujajibiwa. Katika miaka yangu ya kutembea na watu nimeona hivi mara nyingi, tunamletea Mungu jambo la kesho, Yeye ana jambo la jana bado liko mezani. Hajakataa la kesho.

Na wala hajakwambia uache biashara. Watoza ushuru walipomwendea Yohana wakamuuliza tufanye nini, hakuwaambia waache kazi, aliwaambia msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa.

Kitulo_Asubuhi

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi Mkatoliki naongezea kidogo, na kuna kitu mtakatifu Inyasi wa Loyola alikigundua ambacho kimenisaidia sana. Mwaka 1521 alikuwa askari, akapigwa mzinga mguuni kule Pamplona, akalala kitandani muda mrefu, hana la kufanya zaidi ya kusoma na kuwaza. Akiwaza sifa za vita na mabibi wakubwa anafurahi sana, lakini mawazo yakiisha anabaki mkavu, ana uchungu. Akiwaza maisha ya Kristo na watakatifu, furaha inabaki hata baada ya mawazo kuondoka. Akaanza kufuatilia tofauti hiyo.

Kwa hiyo mimi kila usiku kabla ya kulala naipitia siku yangu dakika kumi, nani nilikutana naye, wapi nilikuwa hai moyoni, wapi nilikauka, nani nilimpita bila kumtazama. Hakuna maono wala sauti, ni siku yenyewe tu naisoma tena mbele za Mungu. Jaribu kuwaza gari lako dakika tano, kisha acha, uone kinachobaki. Halafu waza unamlipa babu kwa kilo, acha, uone tena kinachobaki. Hofu ya hasara itakuwepo, hiyo usiihesabu kwanza, angalia kilicho chini yake.

Viazi_Njombe

Mzee wa Karagwe shikamoo baba, na wote asanteni sana, dada MamaMapacha nimemsomea mke wangu ulichoandika akanyamaza muda mrefu halafu akasema mimi nilikuwa najua, nilikuwa nasubiri uambiwe na mwingine.

Kitulo nimefanya ulivyosema. Gari nikiliwaza nafurahi kweli, nalala usingizi mzuri tu, lakini asubuhi naamka na ile presha ya mkopo. Babu nikimuwaza naogopa, na bado chini ya woga kuna kitu kimetulia, sijui nikielezeje.

Nimewaita wazee wawili wa kanisa na mwenyekiti wa vikoba, watu wanaonijua. Nimenunua mizani ya kuning'iniza. Fuso_la_Usiku nitakutafuta kwa ajili ya hao wa chipsi. Jumamosi napanda kwa babu. Mniombee.

MamaMapacha

Tunakuombea kaka. Uje utuambie, tafadhali usituache hewani.

Viazi_Njombe

Nimerudi wapendwa. Canter imeshauzwa kwa mtu mwingine, nasema ili mjue, iliniuma siku moja ikapita.

Kwa babu ilikuwa hivi. Nimefika nikamsalimia, kamwene, akaitikia kamwene, akaanza kuwaita wajukuu waje na ndoo kama kawaida. Nikamwambia babu leo tunapima. Nikafunga mizani kwenye mti wa parachichi pale uani, tukaanza kiroba kwa kiroba, mke wangu anaandika. Babu akawa anasogea karibu kila mara anasoma ule mshale, hasemi. Tulipomaliza nikamlipa kwa kilo. Akahesabu, akahesabu tena, akaniambia mwanangu umekosea, nikamwambia sijakosea babu. Wajukuu wakawa wananiangalia.

Basi nikadhani yameisha, nikaanza kufungua mizani. Ndio akaniuliza, taratibu kabisa, wala hakukasirika, "Na ya miaka mingine, hayo yalikuwa kilo ngapi?"

Jamani sikuwa na jibu. Mke wangu akafunga daftari. Nikamwambia babu nipe mpaka Jumatano, daftari zangu zote za miaka sita ninazo nyumbani. Jana usiku tumekaa nazo mezani mpaka saa saba, tumemaliza misimu miwili, na babu ni mmoja tu kati ya majina yaliyomo. Mzee wa Karagwe, kama unasoma baba, naomba uniambie wale wa uamsho waliokuwa wanadaiwa na watu wengi, walianzia wapi?