Ushauri: amefaulu lakini hajapangiwa kidato cha tano. Advansi ya binafsi, chuo cha afya au VETA?

Mkazi wa Kizota
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne mwaka jana, kafaulu, lakini majina ya TAMISEMI, ofisi inayopanga wanafunzi, yametoka na hayumo, si kidato cha tano wala chuo. Nyumbani tumegawanyika. Baba anataka advansi (kidato cha tano na sita) ya shule binafsi, mama anasema chuo cha afya, mimi naona VETA, vyuo vya ufundi vya serikali. Wenye uzoefu, ipi ina manufaa? Inabidi tuamue kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwl. wa Zamani
"Kafaulu" haitoshi. Weka matokeo somo kwa somo, tahasusi (mchanganyiko wa masomo ya advansi) aliyojaza, na mna shilingi ngapi kwa mwaka.

Fundi Umeme
VETA, usihangaike. Kozi ndefu ada ni 60,000 kwa mwaka kutwa, 120,000 bweni. Taja advansi ya binafsi inayokaribia hapo. Familia yangu inakula kwa umeme wa majumbani.

Binti Mpanda
Ni wa kike au wa kiume? Kama ni wa kike, swali la atalala wapi linatangulia hayo yote.

Mkazi wa Kizota
Ni wa kike, miaka 18. Div III ya 23. Kiswahili B. Jiografia, Baiolojia na Kemia C. Fizikia, Kiingereza, Historia na Uraia D. Hesabu F. Alijaza CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia). Tukijikamua tunafika milioni moja na laki mbili kwa mwaka, yote kwa yote.

Mwl. wa Zamani
Sasa tunaongea. CBG yake ni alama 9 (C moja ni 3, na chache ndizo bora) na kikomo ni 10, kwa hiyo sifa anazo. Tatizo ni kiti. Sekondari za kata zimefika karibu kila mahali, lakini zenye kidato cha tano ni chache mno ukilinganisha, na wenye alama nzuri zaidi ndio wanaopangwa kwanza. Mwenye C tatu anabaki mkiani, na mkiani ndiko viti vinakoisha. Inaniuma, maana binti mwenye C ya Kemia ni wa kushikwa mkono. Msikate tamaa na awamu ya pili, kuna wanaopangwa wasiripoti. Ila bajeti hiyo kwa bweni la binafsi itawaelemea, na advansi ni miaka miwili bila cheti cha kazi mkononi.

Mama Wawili
Mama yenu ana hoja, D ya Fizikia pamoja na C za Baiolojia na Kemia zinamfungulia kozi za afya. Lakini nisikilizeni kwanza.

Binti yangu wa kwanza tulimpeleka chuo cha afya, jina silitaji. Bango la usajili lilikuwepo getini, sare nzuri, ada tukalipa yote mapema kwa sababu walituambia nafasi zinaisha. Alisoma vizuri, kila likizo anarudi na madaftari yamejaa. Mwaka wa pili mitihani ikakaribia, majina ya darasa lao hayakuonekana kwenye mfumo wa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo hivi. Chuo kilikuwa na usajili kweli, ila kozi ile haikuwa na ithibati. Kila tukiuliza tunaambiwa "inashughulikiwa". Tulipotaka ahamie kwingine, kule nako wakasema hana matokeo yanayotambulika, aanze mwaka wa kwanza. Alianza upya. Ada ya awali hatukurudishiwa hata senti. Hao wanajua wazazi tumebanwa na watoto hawana pa kwenda, na ndiyo maana wanathubutu. Tafuteni kozi yenyewe kwenye kitabu cha mwongozo cha NACTVET, bango lisiwadanganye.

Fundi Umeme
Pole sana mama. Ndiyo maana nasema VETA, ni ya serikali.

Binti Mpanda
Fundi, VETA nayo imejaa! Kozi ndefu zinaanza Januari, maombi hufanyika mwaka unaotangulia, na kwa umeme na magari waombaji ni wengi kuliko nafasi. Mdogo wangu alikosa. Mbona hamtaji vyuo vya maendeleo ya wananchi (FDC), navyo vinafundisha ufundi? Viko 54, na vingine vina bweni.

Fundi Umeme
FDC sizipingi. Napinga watu kudhani ufundi ni wa waliofeli.

Binti Mpanda
Hakuna aliyesema hivyo hapa.

Mzee wa Ukerewe
Mnagombana kuhusu mmoja, je 2028? Kwa mtaala mpya shule ya msingi inaishia darasa la sita, kwa hiyo darasa la sita na la saba watamaliza pamoja 2027 na wote waingie kidato cha kwanza Januari inayofuata. Tulishaona elimu bila malipo ilipoanza 2016: darasa la kwanza lilifurika, na wimbi lile likafika sekondari 2023.

Mwl. wa Zamani
Mzee, kwa fedha za Uviko yalijengwa madarasa 15,000.

Mzee wa Ukerewe
Madarasa nimeyaona, ni mazuri. Mwalimu wa Hesabu wa kuyaingia sijamwona. Huyo binti ana F ya Hesabu, ulizeni shuleni kwao walikuwa na walimu wangapi wa somo hilo.

Mkazi wa Kizota
Alikuwa mmoja kwa shule nzima. Mama Wawili, asante, baba nimemsomea ujumbe wako wote. Akisoma diploma, anaweza kupata mkopo?

Mwl. wa Zamani
HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ilianza kukopesha diploma 2023/24 kwa kozi za kipaumbele, afya zikiwemo. Soma mwongozo wa mwaka huu kabla hujaahidi mtu. Akimaliza diploma na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 anaweza kuomba digrii.

Mkazi wa Kizota
Baba bado anashikilia advansi. Anataka tungoje awamu ya pili.

Mama Wawili
Mngoje, lakini ombeni chuo pia. Dirisha la afya halimsubiri baba.

Binti Mpanda
Wakuu, nje ya mada kidogo: nani anajua hosteli salama ya wasichana Morogoro mjini, isiwe mbali na stendi ya Msamvu?