Tupeane uzoefu: daktari alikuambia nini mpaka ukaacha sigara?

Wadau wa Kampala, Arua, Malaba na kwingineko, salamu. Mimi bado navuta. Kila nikienda kliniki naambiwa "acha sigara," naandikiwa dawa ya kikohozi, basi. Naachaje? Hakuna anayesema. Mliofaulu na mnaohangaika, leteni habari. Mahubiri hapana, ninayo ya kutosha nyumbani.

Dereva wa Malaba:
Ndugu, daktari wangu wa Tororo hakunigombeza. Aliuliza tu: "Ukiamka, sigara ya kwanza unaiwasha saa ngapi?" Nikamwambia, kabla sijashuka kitandani. Akasema mtu asiyemaliza nusu saa tangu aamke bila kuwasha, nikotini, ile dawa ya ndani ya sigara inayoleta uraibu, imemkamata kweli, anahitaji msaada wala si aibu. Tukapanga tarehe ya kuacha. Akanionya kwamba siku tatu za mwanzo ndizo kali, halafu hamu inalegea kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Kweli, nilikuwa mkali mpaka turniboi, msaidizi wangu wa lori, akahamia lori jingine (mwenyewe anadai ni mshahara). Daktari akapiga simu wiki ileile. Kujua kuna mtu atauliza kulinisaidia kuliko zile picha za kutisha kwenye pakiti.

Bodaboda Nakawa:
Mimi wala sijafika kwa daktari. Sheria ya tumbaku ya Uganda ya 2015 ilikataza sigara kuuzwa mojamoja, lakini stejini kwetu naipata kabla sijaomba kiberiti. Utaachaje hapo?

Binti wa Arua:
Kwetu West Nile tumbaku ndiyo iliyotulipia karo, kwa hiyo kumwambia mzee aache ni kazi. Alipoanza dawa za kifua kikuu, mhudumu alimweleza kuwa mvutaji akipona, ugonjwa humrudia kwa urahisi zaidi. Amepunguza. Kuacha, bado tunasukumana.

Afande Mstaafu:
Chingamu ya nikotini ipo, na Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2009. Bei yake inauma. Niliitafuna kama chingamu ya watoto, nikashikwa na kwikwi kwenye teksi, abiria wote wakanigeukia. Mfamasia akanielekeza: tafuna taratibu, ukisikia inawasha iegeshe shavuni, halafu tafuna tena.

Mwanzisha mada:
Dereva, yangu ni kabla ya chai, kumbe! Ijumaa naenda kumwambia daktari tupange tarehe, na apige simu. Afande, hiyo chingamu uliipata famasi ya mtaa gani?