Gazeti letu limeondoa watu kinyemela, na waliobaki ndio tunaoandikiwa barua za onyo

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafanya kazi katika chumba cha habari cha gazeti moja la kila siku hapa Dar es Salaam, na jina lake silitaji kwa kuwa mshahara wake bado ninauhitaji. Ijumaa iliyopita, saa nane mchana, wenzetu walijua kwamba hawana kazi pale mfumo wa kurasa ulipokataa neno lao la siri, wengine wakiwa katikati ya habari za toleo la kesho yake. Barua zililetwa saa kumi jioni, zikizungumzia "maboresho ya muundo" na zikiwa na tarehe ya siku hiyohiyo.

Hali ya biashara ninaielewa. Matangazo yamehamia Google na Facebook, taasisi za umma hutangaza kisha zikalipa kwa kusuasua, na picha za kurasa huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp kabla muuza magazeti wa Posta hajamaliza kupanga meza yake. Gazeti linaweza kufika mahali likashindwa kuwalipa watu wote. Lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapokusudia kupunguza wafanyakazi, aweke wazi taarifa zote zinazohusika, na ashauriane na chama cha wafanyakazi au wafanyakazi wenyewe kuhusu sababu, njia za kuepuka au kupunguza athari, vigezo vya kuwachagua watakaoondoka, muda na kiinua mgongo. Kwetu hakikuitishwa kikao hata kimoja. Tulipouliza vigezo, ofisa rasilimali watu alijibu kwamba huo ni uamuzi wa juu, kana kwamba huko juu sheria haifiki.

Sasa tazameni walioondolewa. Wasoma prufu wameondoka wote. Wasanifu kurasa wamebaki wa kuhesabika. Ameondolewa pia mwandishi wa mahakama, aliyekuwa akishinda Mahakama ya Kisutu na daftari lake la tarehe, ambaye alijua kesi ipi imeahirishwa mara ngapi kwa sababu upelelezi haujakamilika na shahidi yupi anarudi kizimbani lini. Daftari ni mali yake na ameondoka nalo. Jumatatu habari ya kesi tuliinyofoa kwenye kurasa za Instagram za watu wengine, na picha iliyochapishwa ikawa ya wakili badala ya mshtakiwa. Mhariri aliyeachiwa kurasa za watu watatu ndiye aliyepewa onyo. Hakuna meneja aliyeguswa, na magari ya wakubwa yanaendelea kujazwa mafuta kama kawaida.

Kuna kundi ambalo hata barua halikupata. Waandishi wa mikoani na wa kujitegemea, ambao hulipwa kwa habari iliyotoka tu, walitumiwa ujumbe wa simu kwamba bajeti imefungwa. Menejimenti itatangaza kwamba waliopunguzwa ni wachache, kwa sababu hawa haikuwahi kuwahesabu. (Halafu tunaitwa kwenye semina za maadili kuambiwa kwamba mwandishi hapaswi kupokea bahasha.)

Kuhusu malipo, kifungu cha 42 kinatoa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, kwa ukomo wa miaka 10, kwa hiyo mhariri mwenye miaka 20 gazetini anaondoka na siku 70, sawasawa na mwenye miaka 10. Hicho ndicho kiwango cha chini cha sheria, na hata hicho wameambiwa watalipwa kwa awamu. Baadhi yao walipokagua taarifa zao za mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, wamekuta miezi ambayo makato yaliondolewa kwenye mshahara lakini michango haikuwasilishwa.

Wenzetu wanataka kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ambako malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanatakiwa kufikishwa ndani ya siku 30. Wakati huohuo wamepewa fomu ya kukiri kwamba hawana madai mengine yoyote, na wanaambiwa kwamba asiyesaini hatapata awamu ya kwanza. Wanasheria mliomo humu, na ninyi mliowahi kupitia CMA: mtu akisaini fomu hiyo kwa sababu ya kodi ya nyumba na ada ya watoto, je, mlango wa kudai haki yake unakuwa umefungwa? Tafadhali jibuni mapema, kwa sababu fomu zinatakiwa kurudishwa keshokutwa.