Damu ya mzee sebuleni: kwa nini wauza rangi hawasemi ukweli kabla ya kupokea fedha?

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira ambayo wiki tatu hazijaipoza. Ninaishi Dar es Salaam, na kwa miaka mingi nilitamani sebule yenye kuta za damu ya mzee. Si wekundu wa nyanya, bali ule uliokolea ambao ukikutana na mbao za mninga na pazia la rangi ya maziwa, nyumba huonekana imetulia. Rangi yenyewe siilaumu hata leo. Ninaowalaumu ni walioniuzia.

Sebule yangu ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, na ukitoa milango na madirisha hubaki takriban mita za mraba 44 za kupaka. Muuzaji alipiga hesabu mbele yangu: lita moja hufunika mita za mraba kama 11, kwa hiyo makopo mawili ya lita 4 yanatosha mikono miwili, yaani kupaka kuta zote mara mbili, na kazi imekwisha. Kwa rangi ya krimu hesabu hiyo ni sahihi. Kwa damu ya mzee ni uongo, na mtu anayeshinda kwenye mashine ya kuchanganyia rangi hawezi kudai kwamba hakulijua hilo.

Mkono wa kwanza ulitoka kama juisi ya rozela iliyomwagiwa ukutani. Wa pili ukaonyesha kila mahali rola ilipopita na kila pembe iliyopakwa kwa brashi. Fundi nilipomuuliza, alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba nyekundu ndivyo zilivyo. Kama ndivyo zilivyo, mbona alinyamaza tulipokuwa naye dukani?

Nimelazimika kujifunza mwenyewe. Rangi nyeupe na zile zilizopauka hubeba unga wa titani dioksidi, ambao ndio hasa unaoficha ukuta. Nyekundu iliyokolea ukiitia unga huo inageuka waridi, kwa hiyo huchanganywa katika rangi ya msingi isiyo na weupe, ikategemea vikolezo ambavyo vingi vyake hupitisha nuru. (Nyekundu ya oksidi ya chuma, ile inayopakwa kwenye mageti kuzuia kutu, hufunika vizuri sana, lakini huo ni wekundu wa tofali, na mimi sikuomba tofali.) Ndiyo maana mafundi wanaoijua kazi hutanguliza andakoti, yaani rangi ya chini, ya kijivu. Mimi niliuziwa nyeupe, tena kwa kusisitiziwa kwamba ndiyo bora, ilhali juu ya nyeupe kila sehemu iliyopakwa nyembamba hujitangaza.

Niliporudi kuongeza makopo mawili, yalichanganywa upya kwa kukadiria, kwa sababu hakuna aliyeandika vipimo vya mchanganyiko wa awali. Ukuta wa televisheni sasa umeegemea zambarau, na ule unaotazamana nao umeegemea kahawia. Laiti wangeniambia mapema kwamba rangi ya namna hii hununuliwa yote kwa pamoja, makopo yakamiminwa katika ndoo moja na kukorogwa kabla rola haijaguswa, nisingekuwa na sebule yenye damu za wazee wawili.

Kisha kuna suala la umaliziaji. Nilipewa rangi isiyong'aa bila kuambiwa kwamba, kwa rangi iliyokolea, kila mahali panapopanguswa kwa kitambaa au kusuguliwa na bega la mtoto hubaki alama inayometa. Usiku, chini ya taa nyeupe tulizozizoea, kuta hugeuka rangi ya ini. Nilipobadilisha na kuweka taa za mwanga wa njano, wekundu ulirudi, na hiyo ni gharama nyingine ambayo haikuwamo katika mazungumzo yetu.

Jumla nimetumia makopo manne na mikono minne. Kopo la tano, ambalo muuzaji huyohuyo alinishauri nilichukue kwa tahadhari, halijafunguliwa. Nilipolirudisha dukani niliambiwa kwamba rangi ikishachanganywa hairudishwi. Sharti hilo nalo walilijua kabla ya kupokea fedha yangu.