Hiperikamu na warfarin: aache leo, na ofisi ipi inatoa maelekezo?

Kutoka: Kaka wa Reading

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninaandika kwa niaba ya dada yangu, ambaye anatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, tangu alipopata damu iliyoganda mguuni, na ambaye INR yake (kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda; kikishuka, damu huganda kwa urahisi), iliyokuwa ikikaa vizuri kati ya 2 na 3, imeshuka hadi 1.5 ingawa hajakosa kumeza dawa. Muuguzi wa kliniki ya warfarin alipomhoji kwa utulivu ndipo ilipobainika kwamba tangu baridi ianze amekuwa akitumia vidonge vya hiperikamu, vile vinavyouzwa kwa jina la St John's wort, kwa sababu ya kukosa usingizi na kuwa na moyo mzito. Katika fomu hakuviandika, kwa kuwa fomu iliuliza kuhusu dawa, naye aliviona kuwa ni majani tu. Sasa kliniki inasema suala la vidonge hivyo ni la GP (daktari wa familia), mapokezi ya GP yanasema lolote linalohusu warfarin ni la kliniki, na ombi alilotuma kwa mtandao limejibiwa kwamba si la dharura. Naomba kujua mambo mawili: je, aache hiperikamu leo hii, na ni ofisi ipi kati ya hizo mbili inayowajibika kumpa maelekezo kwa maandishi?

Kutoka: Dada wa Cardiff

Pole sana, kaka, na umfikishie dada yetu salamu. Kwa maoni yangu aache mara moja, kisha asiwe na wasiwasi, kwa sababu INR itapanda yenyewe. Hata hivyo nina shaka kama hiperikamu ndiyo chanzo, maana pakiti zenye nembo ya THR (usajili wa dawa za mitishamba za jadi) zimepitiwa na MHRA, mamlaka ya dawa ya Uingereza, kabla ya kuuzwa. Mimi ningeangalia kwanza kama amebadilisha mlo, kwani vitamini K iliyomo katika mboga za majani nayo hushusha INR.

Kutoka: Mfamasia wa Birmingham

Dada wa Cardiff, kwa heshima zote, ushauri wa kuacha na kutokuwa na wasiwasi ndio unaonitia hofu zaidi katika mazungumzo haya. Hiperikamu ina kemikali iitwayo hiperforini, ambayo huliamsha ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vya kuvunjavunja dawa, hasa CYP3A4, na kwa upande wa warfarin CYP2C9 pia. Warfarin huondolewa mwilini haraka kuliko ilivyokusudiwa, na damu hurudia hali ya kuganda kwa urahisi. Mgonjwa anapoacha hiperikamu, vimeng'enya hivyo hupungua polepole kwa muda wa wiki mbili hivi, na katika muda huo warfarin ileile, kwa dozi ileile, huzidi kuwa kali siku baada ya siku. Kama kliniki imekwisha kumwongezea dozi kwa sababu ya ile 1.5, halafu yeye akaacha hiperikamu kimyakimya, INR inaweza kupita kiwango na akatokwa na damu ndani ya mwili. Kuacha ni lazima, lakini aache baada ya kliniki kujua siku anayoacha, ili wapange kupima damu mara kwa mara na kurekebisha dozi. Tarehe ya kuacha aiandike katika kile kitabu chake cha njano cha kumbukumbu za warfarin.

Kuhusu nembo ya THR, tafadhali tusiipe uzito isiyokuwa nao. Inathibitisha ubora wa utengenezaji, usalama unaokubalika na matumizi ya jadi ya angalau miaka 30, wala haimaanishi kwamba dawa hiyo inaweza kuchanganywa na nyingine. Karatasi iliyomo ndani ya pakiti zenye nembo hiyo hutaja warfarin waziwazi miongoni mwa dawa zisizopaswa kutumiwa pamoja nayo.

Kutoka: Mzee wa Leicester

Wanangu, mimi nilitumia warfarin kwa muda mrefu kabla ya kuhamishiwa apixaban, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na tangu hapo sijui tena adha ya kuchomwa sindano kila mara. Kaka amwombee dada yake abadilishiwe, na suala hili litakwisha bila kubishana na mapokezi. Hiperikamu naifahamu: inafanya kama balungi, ambalo nilikatazwa kulila nilipokuwa nikinywa dawa ya kolesteroli, kwa sababu huirundika dawa katika damu. Nilipoanza maisha katika nchi hii, GP alikuwa mtu unayemjua kwa sura naye akikujua. Leo unazungumza na fomu, na fomu haina macho ya kuona kwamba mtu amekonda.

Kutoka: Mfamasia wa Birmingham

Shikamoo, mzee wangu. Niruhusu nikusahihishe katika mambo mawili, kwa sababu yana madhara. Balungi huzuia CYP3A4, kwa hiyo dawa hurundikana. Hiperikamu huchochea kimeng'enya hichohicho, kwa hiyo dawa hupungua. Ni mambo mawili yanayokwenda kinyume kabisa.

La pili ni zito zaidi. Apixaban na rivaroxaban, dawa ya jamii yake, nazo huondolewa kwa njia ya CYP3A4 na kwa protini inayoitwa P-gp, ambayo hiperikamu huichochea vilevile. Mtu anayetumia apixaban pamoja na hiperikamu anaweza kukosa kinga dhidi ya damu kuganda bila mtu yeyote kugundua, kwa kuwa dawa hizi hazina kipimo cha kawaida cha ufuatiliaji kama INR. Dada yake kaka amegundulika kwa sababu alikuwa kwenye warfarin. Angekuwa kwenye apixaban, dalili ya kwanza ingeweza kuwa mguu kuvimba upya, au kifua kubana na pumzi kukatika, na hapo ni kupiga 999, namba ya dharura, si kujaza fomu.

Kutoka: Mama wa Manchester

Nashukuru kwamba jambo hili limeletwa hapa, kwa sababu wengi wetu tunafikiri linawahusu wagonjwa wa moyo na damu peke yao. Binti wa jirani yangu alikuwa na kijiti cha uzazi wa mpango mkononi, akaanza hiperikamu kwa ajili ya huzuni, na akapata mimba ambayo hakuitarajia. MHRA ilitoa tahadhari mwaka 2014 kuhusu jambo hilihili, na ikavitaja vijiti bayana. Vidonge vya uzazi wa mpango, kiraka na pete navyo huathirika, na tahadhari inapaswa kuendelea kwa siku 28 baada ya kuacha hiperikamu. Kitanzi na sindano ya miezi mitatu haviathiriki. Wakunga na wauguzi huuliza kama unatumia dawa nyingine, lakini mara chache sana huuliza kwa jina kuhusu mitishamba, na binti mwenye haya hatajitolea kueleza.

Kutoka: Kijana wa Glasgow

Naona kila mtu anaishambulia hiperikamu kana kwamba ni sumu, jambo ambalo si haki. Tathmini ya mwaka 2008 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima ushahidi wa tiba, ilijumuisha majaribio 29 yenye wagonjwa 5,489, na ilikuta kwamba inakishinda kidonge bandia kisicho na dawa, na kwamba kwa sonona inalingana na dawa za kawaida huku madhara yake yakiwa machache. Watu hawainunui kwa ujinga. Wanainunua kwa sababu wanahisi vibaya, wako mbali na kwao, miadi haipatikani, na kumwambia mtu usiyemjua kwamba unalia usiku ni jambo gumu kuliko kwenda dukani.

Kutoka: Mfamasia wa Birmingham

Hakuna aliyeiita sumu, kijana wangu, na hoja yako ya mwisho naikubali kwa moyo wote. Lakini nguvu yake ndiyo hatari yake: kitu kinachoweza kutibu sonona hakiwezi kuwa majani tu. Mwaka 2000 madaktari wa Zurich walieleza habari za wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo, ambao miili yao ilianza kuukataa baada ya hiperikamu kushusha katika damu kiwango cha saiklosporini, dawa inayozuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa. Wenye virusi vya UKIMWI wanaotumia dolutegravir, dawa ya kufubaza virusi hivyo, wasiiguse bila kumwambia daktari wao. Na anayetumia sertraline, dawa ya sonona, au dawa za jamii yake asiiongeze juu yake akidhani atapona haraka, kwa sababu serotonini, kemikali ya ubongo, inaweza kuzidi mwilini, akaanza kutokwa na jasho, kutetemeka, misuli kukakamaa na akili kuvurugika.

Kwa dada yetu aliyeko Reading, huzuni yake isisahauliwe katika habari hizi za INR, maana hiperikamu ikiondolewa bila kitu kingine kuchukua nafasi yake, tumemwacha alipokuwa. Nchini Uingereza mtu anaweza kujiandikisha mwenyewe katika huduma ya NHS (huduma ya afya ya umma) ya tiba kwa mazungumzo bila kupitia kwa GP. Dawa yoyote ya huzuni atakayopewa baadaye itajwe pia kliniki, kwani baadhi yake huongeza uwezekano wa kutokwa na damu mtu akiwa kwenye warfarin.

Kutoka: Dada wa Cardiff

Sikusema kwamba aache kwa siri, nilisema aache, na ningependa maneno yangu yasomwe yalivyo. Pamoja na hayo, tukio kama hili liripotiwe kwa Kadi ya Njano ya MHRA, fomu ya kuripoti madhara ya dawa, na mgonjwa anaruhusiwa kuijaza mwenyewe. Mpango huo upo tangu 1964, na unapokea pia habari za mitishamba.

Kutoka: Kaka wa Reading

Nawashukuru sana. Leo asubuhi tumempigia tena muuguzi wa kliniki na kumtajia neno kwa neno kwamba INR itapanda baada ya kuacha. Amemwandikia vipimo vya ziada na kumwambia aache kuanzia kesho, na akiona mkojo wenye damu, kinyesi cheusi au kichwa kikimuuma kupita kawaida aende hospitali moja kwa moja. Maelekezo hayo yote ametupa kwa mdomo. GP ameandika kwamba amewaachia kliniki, na kliniki inasema barua hutoka kwa GP. Kama kuna mwenzetu aliyewahi kupata maandishi ya aina hii, naomba aniambie yalitoka upande gani.