Mnaofundisha "steki ya Kibrazili" ya siagi na kitunguu swaumu mtandaoni, mmenitia hasara na aibu

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira. Asiyetaka apite kimya kimya.

Jumapili iliyopita nilikuwa na wageni, shemeji zangu wawili na mjomba wa mke wangu, mzee wa heshima zake, katoka Lushoto. Sasa mimi nimejitapa miaka nenda rudi kwamba enzi za ubaharia nilikula nyama Santos, bandari ya Brazili, nyama ambayo tangu nishuke melini sijaionja tena. Mama Zuhura kachoka na hadithi, akanijibu mbele ya watu: "Basi Jumapili utupikie wewe, tuone." Nimeshikwa. Kule nilikuwa mlaji, sikuwa mpishi. Nikamwomba binti yangu anitafutie mtandaoni, akaniletea video ya Kiswahili: dada kavaa aproni nyeupe, jiko linang'aa, "Steki ya Kibrazili ya siagi na kitunguu swaumu, dakika kumi tu!"

Dakika kumi. Sikilizeni dakika kumi zilivyonifanya.

"Chukua steki kilo moja." Steki ipi, dada? Kwenye bucha zetu steki ni nyama isiyo na mfupa, basi. Iwe ya paja, ya bega, ya shingoni, yote steki. Nimefika bucha saa moja asubuhi, ng'ombe kachinjwa alfajiri, nyama bado ya moto. Jamaa kanikatia mnofu wa paja kilo mbili kwenye gogo, kipande kimoja kinene kama tofali, kingine chembamba kama soli ya kandambili. Na mafuta yote kayaondoa kwa ukarimu wake, maana nilimwambia nina wageni.

"Iloweke kwenye siki, soya sosi, limau, tangawizi na viungo vya pakiti." Nikailoweka saa mbili. "Washa moto mkali, tia siagi vijiko vinne, tia kitunguu swaumu ulichosaga, kikianza kunukia weka nyama." Kwenye video kashika mkebe wa njano, na mimi nikanunua mkebe wa njano. Nikageuka kuchukua sahani ya nyama, kurudi kitunguu kimeshakuwa cheusi kama majivu ya sigara. Nyama inachuruzika siki, nimeitupia humo, ikalia, mafuta yakaruka mpaka ukutani, halafu ikatulia ikaanza kuchemka kwenye maji yake yenyewe. Rangi ya kijivu. Moshi umejaa sebuleni, jirani anagonga dirisha, "Baba Zuhura, mnaungua?"

Mjomba ana meno ya bandia. Taarifa ya habari ya saa saba ilianza akitafuna kipande, ikaisha anatafuna kile kile. Mwisho akakitoa taratibu, akakiweka pembeni ya sahani, akaniambia, "Wali ni mzuri sana, mkwe."

Nimekaa siku kadhaa na hili jambo. Nimewapigia mabaharia wenzangu wawili wa zamani, mmoja kaishi Brazili miaka kadhaa, nikarudia kupika mara mbili kwa hela yangu. Sasa nazungumza.

Kwanza, acheni kuita kila kitu "cha Kibrazili". Nyama ninayoikumbuka mimi wao wanaiita picanha, tamka "pikanya". Ni kipande cha juu ya tako la ng'ombe, karibu na mkia, chenye umbo la pembetatu, na upande mmoja kimefunikwa na blanketi la mafuta nene kama kidole. Ng'ombe mmoja anavyo viwili tu. Kimoja kina kilo moja na kitu. Wabrazili wenyewe wanaambiana kwamba ukiuziwa kikubwa kupita hapo, muuzaji kakuongezea nyama ngumu ya paja iliyo jirani yake. Yaani hata kwao wapo wajanja wa bucha! Lile blanketi la mafuta ndilo linaloiva likatiririka kwenye nyama. Kwetu muuza bucha analikwangua kwanza ili ajisikie kakutendea wema. Jumanne nimeenda kumweleza ninachotaka, nikaishia kujipiga makofi makalioni mbele ya foleni ya akina mama. Kanielewa.

Na kule bandarini hiyo nyama haikulowekwa kwenye kitu chochote. Chumvi. Chumvi ya mawe, basi. Inakunjwa kama nusu mwezi, inachomekwa kwenye mshikaki wa chuma mrefu kama upanga, inachomwa juu ya mkaa. Hiyo ndiyo churrasco, mambo ya wachunga ng'ombe wa kusini, wale gaúcho wa Rio Grande do Sul. Pembeni kuna kitu wanakiita vinagrete, ambacho kwa macho yangu ni kachumbari iliyotiwa siki na mafuta. Siagi na kitunguu swaumu nilivyoviona mimi pale vilikuwa kwenye mkate, pão de alho, nao unachomwa kwenye moto huo huo.

Kabla hamjanirukia: ndiyo, nyama yenye kitunguu swaumu ipo Brazili. Kuna migahawa ya kula mpaka ushibe inapitisha mezani picanha iliyopakwa kitunguu swaumu. Na Rio de Janeiro kuna steki maarufu kabisa yenye mwenyewe, filé à Oswaldo Aranha, jina la mwanasiasa aliyekuwa akila kwenye mgahawa wa Cosmopolita, mtaa wa Lapa. Ndiye huyo huyo aliyeongoza Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1947 lilipopiga kura ya kuigawa Palestina, kwa hiyo siongelei mtu wa vijiweni. Steki yake inajazwa kitunguu swaumu juu, na wali, na viazi vya kukaanga, na farofa, yaani unga wa muhogo uliokaangwa. Lakini kitunguu kinakatwa vipande, kinakaangwa PEKE YAKE kwa mafuta mpaka kiwe rangi ya dhahabu, kinatolewa, kinamwagwa juu ya nyama iliyokwisha kuiva. Peke yake! Dada wa aproni angesema neno hilo moja ningekuwa sina uzi wa kuandika leo.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa. Kitunguu swaumu kilichosagwa ni vipande vidogo mno, na kina sukari, kwenye kikaango cha moto kinaungua chini ya dakika moja kinakuwa kichungu. Siagi nayo ina mabaki ya maziwa ndani, yanaanza kuungua joto likifika kama nyuzi 150, wakati nyama ili ipate rangi ya kahawia inataka kikaango kilichopita 200. Mnatuambia tuviweke vyote vitatu pamoja, moto mkali, tangu mwanzo. Nyama inataka moto, wenzake wawili hawauwezi, nyie mnawafungia chumba kimoja.

Halafu lile la mkebe. Ule wa njano si siagi, jamani. Ni majarini, mafuta ya mimea yaliyogandishwa ya kupaka mkate. Kwa kuwa Kiswahili chetu cha dukani kinaita vyote siagi, mfundishaji ndiye anayepaswa kusema anamaanisha ipi. Siagi ya maziwa ipo, inauzwa kwenye friji, imefungwa kwenye karatasi, na bei yake utaisikia.

Na kinachoniuma zaidi, jibu tunalo jikoni kwa bibi zetu. Samli! Samli ni siagi iliyochemshwa yale mabaki ya maziwa yakatolewa, ndiyo maana inastahimili moto. Yule mwenzangu aliyeishi kule ananiambia kaskazini mashariki mwa Brazili wanayo vile vile, wanaiweka kwenye chupa, wanaiita siagi ya chupa, manteiga de garrafa, wanaimwagia nyama yao ya chumvi. Mtu wa Tanga na mtu wa Pernambuco wangekaa meza moja wakaelewana bila mkalimani. Lakini samli haina mvuto kwenye video, mkebe wa njano ndio unaopendeza.

Nilivyopika Jumatano ni hivi. Kipande chenye blanketi lake nilikinunua Jumatatu... hapana, nasema uongo, Jumanne asubuhi, nikakiacha kwenye friji bila kukifunika mpaka kesho yake jioni. Nyama ya kuchinjwa alfajiri inakuwa imekaza, inahitaji muda ilegee, na ikikauka juu ndiyo vizuri. Siku tatu ingekuwa bora kuliko mbili, sikuwa na subira. Nikachanja mafuta kwa kisu, misalaba misalaba, bila kufika kwenye nyama. Nikakata vipande vya unene wa vidole viwili, nikatia chumvi ya mawe niliyoiponda, nikaacha dakika arobaini na tano. Ukitia chumvi ukasubiri dakika kumi tu, inavuta maji juu na utachemsha nyama kama nilivyochemsha mimi. Ama usubiri irudi ndani, ama utie chumvi wakati unaiweka motoni.

Kikaango cha chuma kizito, kile cha kupikia chapati kinafaa. Nikavisimamisha vipande kwa upande wa mafuta kikaango kikiwa bado cha baridi, moto wa wastani, mafuta yakayeyuka yenyewe taratibu. Ndipo nikaongeza moto, kijiko cha samli, nikavilaza. Usiviguse! Kila dakika kugeuza kama chapati, hapana. Upande ukiwa kahawia, geuza. Halafu nikapunguza moto KABISA, ndipo siagi ya maziwa ikaingia, na punje tano za kitunguu swaumu nilizozigonga kwa ubapa wa kisu, ganda lake likiwepo. Unachota ile siagi kwa kijiko unaimwagia nyama juu, tena na tena, nyumba inanukia mpaka jirani kaja kugonga dirisha, safari hii kauliza kuna sherehe gani.

Mimi sili nyama yenye wekundu, na najua wengi humu hamli. Yale maji mekundu si damu, damu yenyewe ilibaki machinjioni, lakini sitabishana na mtu kuhusu sahani yake. Acha tu kwenye moto mdogo muda zaidi. Ikitoka iache ipumzike dakika tano mpaka kumi, ukikata hapo hapo maji yote yanaishia kwenye sahani. Na uangalie nyuzi za nyama zimelala wapi: kisu cha mwisho, kile cha mezani, lazima kizikate nyuzi, kisifuatane nazo. Nusu ya ugumu aliopambana nao mjomba ulikuwa hapo.

NYONGEZA, saa nne usiku: Nimeona maswali. Mkuu uliyesema nyama yetu haiwezi kwa sababu ng'ombe wetu wana nundu: ng'ombe wengi wa nyama Brazili ni Nelore, asili yake India, wana nundu kama wa Singida. Na nundu yenyewe wanaila, wanaichoma kwa saa nyingi, wanaiita cupim, jina lile lile wanalomwita mchwa. Tatizo si nundu, ni haraka.

Dada uliyeuliza farofa kama unaweza kutumia unga wa muhogo wa ugali: usifanye hivyo, nimefanya mimi. Unga wao ni wa chengachenga, unakaangwa kwenye siagi unakuwa mkavu. Wetu laini ulifanya gundi. Cha kuchekesha ni kwamba muhogo wenyewe Wareno ndio waliuleta Afrika kutoka huko huko Brazili, leo sisi ndio tunaomba maelekezo.

Na wewe unayesema nina wivu na yule dada, mimi sikumtaja jina na sitamtaja. Ninachotaka afute neno "Kibrazili" pale juu na aandike "majarini".

Nimempigia mjomba kumwalika tena Jumapili. Amekubali. Ila kauliza kwanza kama samaki wanapatikana.